Kalipa za nyuma zinazoshika: kuzifungua, kuzisafisha na kuzifunga upya

Gari la zamani likipanda kilima cha Kadutu kwa uzito usio wa kawaida, na ukisimama huko juu unakuta gurudumu moja la nyuma linanuka kuungua na rimu yake haigusiki, usiilaumu injini. Kalipa ya nyuma, kile kipande kinachobana disiki kwa pedi unapokanyaga breki, imeshika. Hapa Bukavu, etriye (ndiyo kalipa) ikishika, garaji nyingi za kando ya barabara zina majibu mawili ya haraka: kubadilisha plaketi, yaani pedi, au kuziba bomba la mafuta ya breki linalokwenda nyuma ili gari lisimame kwa magurudumu ya mbele tu. Jibu la kwanza halitibu kitu, kwa maana plaketi mpya zitaliwa kama zile zilizotolewa. La pili linahatarisha watu. Golf na jamaa zake zina njia mbili za breki zilizokatizana: mbele kulia pamoja na nyuma kushoto, mbele kushoto pamoja na nyuma kulia, ili moja ikivuja nyingine ibaki na gurudumu la mbele na la nyuma. Ukishaziba nyuma, breki za mbele zinabeba mzigo wote. Mtu anaposhuka mteremko wa Ngomo kuelekea Kamanyola, gari limejaa abiria na magunia, disiki za mbele zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka ndani ya kalipa, na pedali inakwenda mpaka chini bila kukutana na kitu.

Kuna pia kundi la tatu, watu makini, wanaonunua mipira mipya ya kuzibia na kuifunga vizuri, kisha mvua za msimu mmoja zikipita kalipa inashika tena. Makala hii ni yao kuliko wote. Mpira mpya ukiwekwa juu ya kutu ya zamani unashika vilevile, na kazi yenyewe ya kufufua kalipa iko kwenye mifereji ambamo mipira inakaa na kwenye shafti ya breki ya mkono.

Nitazungumzia kalipa ambayo breki ya mkono iko ndani yake: Volkswagen Golf 3 na Golf 4 zenye disiki nyuma, Passat, Audi 80, Nissan Primera na nyingine nyingi zilizofika hapa kama okazyo, yaani zikiwa zimeshatumika. Vipimo nitakavyotaja ni vya Golf. Ukiwa na Prado au Mercedes 190, breki yako ya mkono ni viatu vidogo vilivyo ndani ya kikombe cha disiki. Kalipa yako haina kitu ndani zaidi ya pistoni, na sehemu ya wenzo na shafti hapa chini haikuhusu.

Tafuta kwanza kinachoshika

Usifungue kitu kabla ya kujua kosa liko wapi. Vitu vinne tofauti vinaweza kufanya gurudumu la nyuma lishike: pistoni, pini ambazo kalipa inateleza juu yake, shafti ya wenzo wa breki ya mkono pamoja na kebo yake, au hozi ya mpira iliyovimba ndani. Dalili ni zilezile, tiba ni tofauti, na kuvitenganisha kunahitaji robo saa tu.

Egesha gari mahali tambarare. Katika mji wetu inabidi utafute mahali hapo, lakini utafute kweli, kwa kuwa utaachia breki ya mkono na gari litabaki na vizuizi tu. Weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Inua nyuma kwa jeki, weka stendi za chuma au magogo mazito yasiyopasuka chini ya sehemu imara ya bodi, na lile gurudumu ulilolitoa lisukume chini ya kizingiti cha mlango. Mawe ya lava na matofali yanapasuka bila kutoa onyo, kwa hiyo yasitumike hata kwa dakika moja.

Kanyaga pedali kwa nguvu mara moja, iachie, kisha zungusha kikombe cha gurudumu kwa mkono. Kama kimekaza, fungua skrubu ya kutolea hewa nusu mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea hapohapo, kalipa haina kosa, shinikizo limenaswa. Hozi ya zamani inavimba ndani na kuwa kama vali: mguu wako unasukuma mafuta yapite, lakini chemchemi na mpira wa pistoni havina nguvu ya kuyarudisha. Badilisha hozi. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa na tabia hiyo, angalia hozi zote mbili, halafu silinda kuu.

Gurudumu lisipolegea, chomoa kebo ya breki ya mkono kwenye wenzo wa kalipa. Wenzo ukirudi mwenyewe mpaka kwenye kituo chake na gurudumu likawa huru, kosa ni la kebo: imejaa maji na kutu ndani ya ganda lake. Kubadilisha kalipa mbili kwa sababu ya kebo moja ni hasara ya wazi, na hufanyika mara nyingi. Wenzo ukibaki katikati ya safari, hata ukiusukuma kwa mkono unarudi kwa shida, shafti yake imeshika. Hiyo kwenye Golf ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote.

Kama wenzo uko huru na gurudumu bado limekaza, toa boliti mbili za kalipa, uivute nje, na uangalie pedi. Pedi ya ndani ikiwa imeisha sana kuliko ya nje, pistoni hairudi au pini hazitelezi. Pedi ikiwa imeliwa upande mmoja kama kabari, pini moja imekufa na nyingine inafanya kazi. Halafu tazama mafuta. Umajimaji kuzunguka mpira wa vumbi wa pistoni ni mpira mkuu uliokwisha. Umajimaji chini ya wenzo ni o-ringi (mpira wa mviringo wa kuzibia) ya skrubu iliyo ndani ya kalipa, na huo hautatibiwa na mpira wa shafti, hata ukiubadilisha mara ngapi.

Vya kununua kabla ya kufungua

Vifaa vya ukarabati vinaagizwa kwa mambo mawili: kipenyo cha pistoni na aina ya kalipa. Golf 3 na Golf 4 zina pistoni ya nyuma ya milimita 38, lakini kalipa ya Golf 3 ni ya chuma cha kumimina na ya Golf 4 ni ya alumini, na sehemu zake za ndani zisichukuliwe kuwa moja. Pima pistoni kwa vernia, piga picha ya maandishi yaliyo kwenye mwili wa kalipa, ndipo uagize. Kuna vifaa vya bei ndogo vyenye mpira mkuu na mpira wa vumbi tu. Kwa kalipa zenye breki ya mkono tafuta vile kamili, vyenye pia mpira wa shafti, o-ringi ya skrubu ya ndani, sirklipsi (pete ya chuma ya kuzuia) na mipira ya pini. Kinachopatikana upande huu kikikosa o-ringi hiyo, subiri kitoke Kigali au Kampala. Usifungue kalipa nusu.

Ongeza: vioshea vya shaba vinne vya boliti za hozi, viwili kwa kila kalipa; boliti mpya nne za kalipa, kwa kuwa za Golf zina gundi ya kujikaza ambayo haifanyi kazi mara ya pili; skrubu mbili za kutolea hewa; grisi ya silikoni; na mafuta ya breki DOT 4. Nusu lita inatosha kalipa mbili na kutoa hewa nyuma, lita moja inatosha kubadilisha mafuta ya mfumo mzima, na bora ununue lita moja.

Dukani utasikia watu wanaomba lockheed, yaani mafuta ya breki, bila kusema namba. Wewe soma chupa. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230, DOT 5.1 kuanzia 260. Yakishanyonya maji viwango hivyo vinashuka hadi 140, 155 na 180. Hizo tatu zinachanganyika. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na yoyote kati yake, usiiweke. Kataa chupa ambayo kifuniko chake kimeshafunguliwa, kwa maana mafuta haya yanavuta maji kutoka hewani, na hewa ya Bukavu kuanzia Septemba mpaka Mei ina maji mengi ya kuyapa.

Mipira ya breki ni ya EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa. Inavumilia mafuta ya breki na inaharibika kwa petroli, mazuti, mafuta ya injini na grisi ya kawaida: inavimba na kulainika ndani ya siku chache. Kwa hiyo kuosha kalipa kwa petroli, kama inavyofanyika karibu kila mahali, ni kuanza kazi kwa kuiharibu. Osha kwa maji ya sabuni, suuza, kausha kabisa, kisha malizia kwa alkoholi ya kuwashia au ya duka la dawa. Ukiwa na shaka na mipira ya bei rahisi, loweka mmoja ndani ya mafuta ya breki usiku kucha na uupime asubuhi. Kuvimba kidogo ni kawaida. Ukiwa laini kama ubani uliotafunwa, rudisha dukani yote.

Kutoa kalipa

Skrubu ya kutolea hewa ifunguliwe wakati kalipa bado iko kwenye gari, ambako ina mshiko. Igonge kichwani kwa nyundo ndogo mara kadhaa, nyunyiza mafuta ya kutoboa kutu, subiri, tumia spana ya pete na usikubali spana ya mdomo wazi ambayo inakula pembe. Ikigoma, pasha moto mwili wa kalipa kuizunguka, si skrubu yenyewe. Ikikatika, itatobolewa kwenye meza. Uzi wake ni M10 hatua ya 1.

Legeza pia boliti ya hozi robo mzunguko, kisha uikaze tena kidogo. Kama pistoni imekwama kabisa, huu ndio wakati wa kuitoa: kalipa ikiwa nje ya disiki na kebo imechomolewa, mtu akanyage pedali polepole huku wewe umeweka ubao wa milimita 15 hivi mbele ya pistoni. Hakuna kompresa ya garaji inayofikia nguvu ya pedali, na pedali haiipigi pistoni kama risasi. Wanaotumia hewa waweke ubao, na vidole viwe mbali.

Kwa Golf, boliti za kalipa ni za 13, na nyuma yake kuna pini yenye uso wa 15 inayohitaji spana nyembamba ya kuizuia isizunguke. Kishikilio cha kalipa kinafungwa kwa boliti mbili za Allen za 8. Safisha shimo la Allen kwa msumari kabla ya kuingiza ufunguo, kwa kuwa udongo mwekundu ukiganda humo ufunguo hauingii mpaka mwisho na utaharibu kichwa.

Andika kulia na kushoto kwenye kalipa kabla hazijafika mezani. Zikibadilishana pande, skrubu ya kutolea hewa inakaa chini badala ya juu, hewa inabaki ndani, na utakanyaga pedali siku nzima bila kupata breki.

Ndani

Pistoni haivutwi, inafunguliwa kwa kuzungusha. Ingiza mdomo wa koleo ndefu kwenye mapengo ya uso wake na uizungushe kinyume cha saa mpaka itoke kwenye uzi, halafu ivute kwa mkono. Zipo gari ambazo upande mmoja unazunguka kinyume, kwa hiyo tazama unavyofungua na ukumbuke wakati wa kufunga.

Chini ya silinda utaona kikombe kidogo cha chuma kilichozuiwa na sirklipsi, na chini yake chemchemi kali. Hapa ndipo wengi wanaacha na kurudisha pistoni. Tengeneza kifaa: kipande cha bomba la maji linaloingia kwenye silinda na kukaa juu ya kikombe, kikatwe dirisha ubavuni. Bana kalipa na bomba kwenye jiliwa, kikombe kishuke milimita mbili tatu, kisha toa sirklipsi kupitia dirishani kwa koleo yake ndefu. Fungua jiliwa polepole, chemchemi ipumue. Sasa skrubu ya ndani inatoka pamoja na o-ringi yake, na nyuma yake kuna kijiti kifupi cha chuma kinachosimama kati ya skrubu na shafti ya wenzo. Kinaanguka bila kusikika. Kikipotea, breki ya mkono haitafanya kazi kabisa, kwa hiyo fungulia juu ya sinia.

Weka alama kwenye wenzo na ncha ya shafti, fungua nati, toa wenzo na chemchemi yake ya kurudishia, kisha vuta shafti. Kama kutu imeishika, pasha moto mwili, igonge kwa nyundo ya plastiki huku ukiizungusha kwenda na kurudi. Toa mipira yote. Usiweke wowote wa zamani akiba.

Mfereji

Mpira mkuu wa pistoni una umbo la mraba ukiukata, na kazi yake si kuzuia mafuta tu. Pistoni inaposukumwa, mpira unaishika na kupinda nayo. Ukiachia pedali, mpira unajinyoosha na kuivuta nyuma kiasi kidogo sana, chini ya nusu milimita. Kurudi huko kudogo ndiko kunakoachia disiki. Pistoni haina kitu kingine cha kuirudisha.

Kutu ikiota nyuma ya mpira, mfereji unakuwa mfupi wa kina. Mpira unabanwa dhidi ya pistoni, haupindi tena ila unaisugua, na pistoni inabaki pale ilipoachwa. Magari yaliyotumika Ubelgiji au Ujerumani yanakuja na kutu hiyo tayari kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Maji na matope ya hapa yanaendeleza tu. Kwenye kalipa za alumini haiwi nyekundu, ni unga mweupe mgumu kama chokaa, na watu huuacha wakidhani ni rangi ya metali.

Kwangua chochote kilicho kwenye mfereji kwa kitu kilicho laini kuliko kalipa: waya wa shaba uliopondwa ncha na kupindwa kama ndoano, au kijiti cha mwanzi kwa alumini. Bisibisi na sindano ya chuma zinaacha mkwaruzo chini ya mpira, na mafuta yatapitia hapo. Zunguka mfereji wote, pembe zote mbili za chini, osha, kausha, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama popote, bado. Nusu saa kwa kila kalipa si nyingi kwa kazi hii peke yake. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye mfereji wa juu wa mpira wa vumbi, ambako kutu huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mpira huo ukikaa umeinuliwa na kutu unaruhusu maji, na maji ndiyo yaliyoanzisha yote haya.

Baada ya kusafisha weka mpira mpya ulioloweshwa mafuta ya breki kwenye mfereji na ujaribu kuingiza pistoni. Iingie kwa kusukuma kwa gumba mbili. Ikihitaji nyundo au jiliwa, mfereji haujaisha. Toa mpira urudi kazini.

Ukuta wa silinda wenyewe hauzibi mafuta. Mpira umetulia kwenye mfereji na unaziba dhidi ya pistoni, kwa hiyo madoa madogo ya kutu ukutani yanasuguliwa kwa msasa wa maji namba 600 na maisha yanaendelea. Pistoni ni kinyume chake. Uso wake ndio unaoteleza ndani ya mpira. Shimo lolote kwenye kromu, hata dogo kama ncha ya kalamu, katika eneo ambalo mpira unapita, linamaanisha pistoni mpya. Usiipige msasa wala brashi ya waya: ukiondoa kromu, chuma kilicho chini kitaota kutu baada ya wiki chache.

Shafti ya wenzo

Shafti inapita kwenye tundu lililo nje ya chumba cha mafuta, inalindwa na mpira mmoja mdogo tu dhidi ya maji yanayorushwa na tairi. Mpira ukichanika, maji yanaingia na kukaa. Ng'arisha shafti kwa msasa namba 800 mpaka iwe laini, safisha tundu kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, kisha ingiza shafti kavu uizungushe: ianguke kwa uzito wake bila kucheza pembeni. Ikicheza waziwazi, tundu limelika na mpira mpya hautadumu. Kalipa hiyo itafutwe nyingine. Nyuzi za ndani ya pistoni zikiwa zimekatika, au mwili ukiwa na ufa, hukumu ni hiyo hiyo.

Funga mpira mpya, jaza grisi ya silikoni kuzunguka shafti, rudisha kijiti kikiwa kimepakwa grisi ili kisianguke, skrubu yenye o-ringi mpya iliyoloweshwa mafuta ya breki, chemchemi, kikombe, sirklipsi. Hakikisha sirklipsi imeingia kwenye mfereji wake pande zote. Rudisha wenzo kwenye alama na chemchemi yake. Sasa, kabla ya pistoni, vuta wenzo: skrubu isogee mbele, na ukiachia wenzo urudi kwa kishindo mpaka kwenye kituo. Ukirudi kwa uvivu mezani, barabarani hautarudi kabisa.

Kufunga

Lowesha mpira mkuu kwa mafuta mapya ya breki, uweke kwenye mfereji, upitishe kidole kuhakikisha haujajipinda. Mpira wa vumbi unasumbua watu kwa sababu wanaufunga mwisho. Uvalishe kwenye pistoni kwanza, usogeze mpaka ukingo wake mpana uning'inie kupita ncha ya ndani ya pistoni. Shika pistoni juu ya silinda, ingiza ukingo huo kwenye mfereji wake kwa kidole ukizunguka, na ukishakaa wote ndipo usukume pistoni ipite katikati yake. Iguse skrubu, kisha izungushe kama saa huku ukiisukuma mpaka mwisho. Kwenye Nissan na Honda nyingi, mapengo ya uso wa pistoni lazima yaelekee kijiti kilicho mgongoni mwa pedi. Yasipoelekea, pedi itakaa upande na kuliwa vibaya.

Pini za kuteleza zisafishwe mpaka zing'ae, zipakwe silikoni na kuvalishwa mipira mipya. Pedi ziteleze kwenye kishikilio bila kupigwa nyundo. Kama zinabana, futa kutu kwenye kishikilio, usipunguze pedi. Disiki ya Golf 3 ina unene wa milimita 10 ikiwa mpya na inatupwa ikifika 8. Ya Golf 4 ni 9, inatupwa ikifika 7.

Kwa Golf 4, kishikilio kikazwe kwa 65 Nm, boliti za kalipa 35 Nm, za gurudumu 120 Nm. Vioshea vya shaba vikikosekana, vya zamani vinaweza kulainishwa: vipashe moto mpaka viwe vyekundu, vipoze, visugue viwe safi. Kioshea cha shaba cha zamani ambacho hakijapashwa moto kimeshakuwa kigumu na kitavuja hata ukikaza mpaka boliti ikatike.

Kutoa hewa, na kebo mwisho kabisa

Jaza kalipa mafuta kupitia tundu la hozi kabla ya kufunga hozi. Inaokoa muda mwingi. Anza nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Weka ubao chini ya pedali ili isishuke mpaka sakafuni: silinda kuu ya zamani ina kutu na uchafu katika sehemu ambayo haifikiwi kila siku, na mipira yake inachanika ikipelekwa huko. Golf 3 nyingi zina vali karibu na ekseli ya nyuma inayopunguza breki kulingana na mzigo. Magurudumu yakining'inia, vali hiyo inadhani gari ni tupu na kubana mafuta. Weka stendi chini ya ekseli ili chemchemi zibebe uzito, au sukuma wenzo wa vali kuelekea ekseli wakati mafuta yanatoka.

Kebo ya breki ya mkono ibaki imelegea mpaka sasa. Washa injini, kanyaga pedali mara thelathini hivi kwa nguvu ya wastani. Umbali kati ya pedi na disiki unarekebishwa na pistoni yenyewe, ambayo inasogea mbele juu ya skrubu yake pedali inapokanyagwa, na inafanya hivyo wenzo ukiwa umetulia kwenye kituo tu. Fundi anayekaza kebo ndani ya gari kwa sababu breki ya mkono inapanda juu sana anauinua wenzo kutoka kwenye kituo, na kuanzia hapo kalipa haijirekebishi tena. Kila mwezi atakaza zaidi, mpaka pedi zianze kusugua disiki muda wote. Kaza kebo mpaka wenzo mmojawapo unataka tu kuacha kituo, rudisha nyuma kidogo, hakikisha pande zote mbili zimelala kwenye vituo vyake. Ukivuta breki ya mkono, gari lishikwe kati ya mlio wa nne na wa sita.

Kanyaga pedali kwa nguvu zote na ushikilie dakika nzima huku mtu anakagua maungio kwa karatasi nyeupe. Zungusha magurudumu: msuguano mwepesi wa pedi mpya unakubalika, kukaza hakukubaliki. Jaribu kwanza mahali tambarare kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha punguza mwendo kwa breki mara kumi hivi kutoka mwendo wa wastani bila kulisimamisha gari kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya moja na nyingine. Baada ya hapo pandisha kilima, geuza, shuka, na ulinganishe joto la rimu mbili za nyuma kwa mkono. Zikiwa sawa, kagua tena maungio baada ya kilomita 200 na ubadilishe mafuta ya breki kila miaka 2, vizuri zaidi mwezi wa Agosti, mvua hazijaanza. Upande mmoja ukiwa bado na joto zaidi, chomoa kebo ya upande huo kwanza kabla ya kufungua kitu kingine chochote.